Hapa Hakuna wa Kuhesabiwa

Kisiwani kwa Nyamhanga,
Mto Mara.
17 Agosti 1999

Kaka yangu mpendwa Mseti,

Kuna sauti moja imekaa sikioni mwangu tangu Jumapili moja ya mwezi wa sita, na kabla sijakusalimu naomba nikuambie ni sauti gani, maana ndiyo inayonifanya nikuandikie. Ni sauti ya jiwe la Bibi la kusagia ulezi. Unaijua: krr ya kwenda, krr ya kurudi, halafu anatulia kidogo akikusanya unga kwa kiganja. Siku ile niliisikia ikienda, nikaisikia ikirudi, kisha haikwenda tena. Imekuwa ikikatika hivyo hivyo kichwani mwangu kila siku, niwe kanisani, niwe mezani natafuna chakula.

Sasa nikusalimu kama inavyopasa. Shikamoo kaka. Wifi hajambo? Mtoto ameacha kukohoa? Hewa ya Mwanza ni ya ziwani, mfunikeni kifua asubuhi. Mama yuko Susuni kwa wajomba, goti linamsumbua lakini analima. Shangazi Winfrida na watoto wake ni wazima. Bibi naye ni mzima, na anauliza mume wake Mseti atarudi lini, maana paa la nyumba linavuja na mume yuko mjini anaendesha Wazungu. Nimeambiwa nikuandikie maneno hayo kama yalivyo, nisipunguze. Utaona mbele kwa nini siku hizi naambiwa nisipunguze.

Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma.

Ulipokwenda kwa bosi wako wa kampuni huko Mwanza kuniombea kazi, ulimwambia mdogo wako amemaliza kidato cha sita, anajua lugha tatu, na hana maneno mengi. Nadhani hilo la mwisho ndilo lililoipendeza kampuni. Walinipa fulana yenye nembo, ubao wa kubania karatasi na meza dirishani katika ofisi yao ya Matongo. Dirisha linatazama shimo la mgodi. Pale ulipokuwa uwanja wetu, pale Baba alipokuwa anafunga ndama, sasa kuna ngazi za udongo zinazoshuka chini kama za jengo lililogeuzwa. Siku ya kwanza nilimwonyesha karani mwenzangu mahali jiko letu lilipokuwa, hewani, juu ya shimo. Akaniambia nisiwe natazama sana, nitapata kizunguzungu. Nikaacha kutazama. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri Kikurya kwenda Kiswahili na Kiingereza, na kujaza fomu, na niliifanya vizuri.

Kila mwezi kampuni huwapeleka wageni wake matembezi ya mtoni kwa boti ya injini. Jumapili ile wageni walikuwa mzee mmoja wa Kizungu, aliyekuja kuona fedha zake zinavyochimba ardhi, na mkewe, mama mwenye kofia pana ya ukili na sauti ya upole. Pamoja nao alikuwa Bwana Selestine, afisa ardhi wa kampuni, mtu wa mbali asiyejua hata neno moja la Kikurya. Mwendesha boti alikuwa Odongo, yule Mjaluo anayewavusha watu wetu siku za mnada. Nilikuwa nimeambiwa kwamba Jumatatu yake barua yangu ya ajira ya kudumu itatiwa saini. Nilipiga pasi fulana mara mbili.

Ratiba ilikuwa imepigwa chapa: saa nne viboko, saa tano ndege, saa sita kusimama kisiwani kwa chakula. Kisiwa hakikuandikwa jina, kiliandikwa Kisiwa Na. 4. Nilidhani ni lile fungu la mchanga kule chini wanakolala mamba. Tukaenda vizuri. Tulipofika kwa viboko, Odongo alilinyoshea kidole dume moja kubwa lililokuwa linatupigia miayo, akasema huyu naye amekataa kuhama mpaka athaminiwe, na fidia anataka alipwe kwa nyasi. Mimi nilicheka. Bwana Selestine akaniambia hilo nisilitafsiri. Mama wa kofia akauliza dereva anasema nini, nikamwambia anasema kiboko huyu ni mzee.

Kisha mto ukagawanyika na Odongo akashika mkono wa kushoto. Nikauona ule mkuyu uliopasuliwa na radi, nikajua. Odongo aliniangalia mara moja tu, akarudisha macho majini. Kwenye ramani yao kile ni namba nne. Kwetu ni pale Babu alipokuwa anaficha ndama enzi za wizi wa mifugo, alipopanda ulezi, na pale Bibi alipohamia na mbuzi wake na jiwe lake siku Matongo ilipochukuliwa, akikataa kwenda kuwa mgeni kwa watu Itiryo. Na pale ndipo wewe na mimi, na shangazi analia mbele yetu, tulipowaleta Babu na Baba kwa mara ya pili, katika magunia meupe, wakati makaburi yao yalipokuwa njiani mwa shimo. Siwezi kusema sikukijua kile kisiwa, kaka.

Odongo alizima injini mbali kidogo ili boti iingie yenyewe. Ndipo nikalisikia jiwe. Likaenda, likarudi, likanyamaza.

Mama wa kofia alifumba macho, akasema hajawahi kufika mahali penye kimya namna hii. Mumewe akasema ni kweli, hapa hapajaguswa na mtu tangu dunia iumbwe. Bwana Selestine alitabasamu kama mtu anayesifiwa shamba lake. Lakini kimya kile kilikuwa cha Bibi. Alikuwa ameacha kusaga asikilize nani amefika, maana mgeni hapokelewi kwa mgongo.

Walishuka wakatembea. Walipiga picha mkuyu, walipiga picha vifaranga, walipiga picha nyumba kwa mbali, kwa namna ambayo nyumba inaonekana kama kichuguu. Shangazi na watoto walikuwa mnadani, hivyo hakukuwa na sauti ya mtoto wala moshi wa jiko la pili. Mama wa kofia alitafuta mahali pa kivuli pa kuwekea chakula. Akaona mirundo miwili ya mawe ya mtoni iliyopangwa vizuri, ile ambayo Bibi huifagia kila asubuhi. Akatandika kitambaa chenye maua juu ya mrundo mmoja, akaweka mkate na chupa ya chai. Ulikuwa wa Baba. Mimi nilisimama pembeni, nimeshika ubao wangu. Aliponipa kipande cha mkate nilisema asante.

Bibi akatoka nyuma ya nyumba, unga mikononi hadi kwenye viwiko. Aliponiona uso wake ulifunguka wote, unajua jinsi anavyocheka kwa lile jino moja, na alishainua mkono anishike kichwa anitemee mate ya baraka kama anavyotufanyia siku zote. Nami nikiwa bado hatua kumi kutoka kwake nikasema, kwa Kiswahili, shikamoo mama.

Si Bibi. Mama. Kama unavyomsalimu mtu uliyemkuta sokoni.

Mkono ulibaki juu kidogo, kisha ukashuka, ukajifuta kwenye kitenge. Akajibu marahaba, mwalimu. Hajawahi kuniita hivyo. Mimi kwake ni mke mwenza, tangu nilipozaliwa, na matusi yote ya mke mwenza nimeyapata kwa raha.

Aliwaletea wageni uji wa ulezi katika kibuyu. Wazungu walishukuru hawakunywa, Bwana Selestine alisema tumbo lake halijakaa sawa, mimi nilijifanya naandika. Odongo peke yake alikunywa, akanywa na wa pili, akasema kwa sauti ya juu kwamba anayekataa uji wa mama huyu hata kiboko atamcheka.

Kisha Bwana Selestine akaniambia nimuulize mama huyu hapa wanaishi watu wangapi, na kama kuna makaburi, ni mangapi.

Unakumbuka siku ulipohesabu ndama kwa kidole, ukiwa na miaka saba hivi? Bibi alikupiga kwa mwiko, akasema unawapunguza. Unakumbuka alivyokuwa anatuhesabu sisi bila kutuhesabu: jioni anasimama mlangoni anatuita kwa majina, mmoja mmoja, na kila mmoja anaitika, na wa mbali anaitikiwa na aliyepo, na wa chini ya ardhi wanaitikiwa na yeye mwenyewe. Ambaye hakuitika ndiye anayetafutwa. Shuleni nilipofundishwa hesabu nilikuwa naona haya kumweleza mwalimu kwamba kwetu tuko wengi lakini sijui idadi.

Nikamuuliza. Bibi anakijua Kiswahili cha kuuzia maziwa, lakini mambo ya nyumbani hayasemi kwa lugha ya sokoni. Alijibu kwa Kikurya, taratibu, akinitazama mimi tu. Alisema watu si ng'ombe wa mnadani, na hata ng'ombe hawahesabiwi mbele ya mgeni. Alisema walio juu ya ardhi hii na walio chini yake wote wanajulikana kwa majina, na kama mgeni anataka kuwajua basi akae, anywe uji wake, atatajiwa mmoja mmoja hata kama ni mpaka jua lishuke. Lakini kama ni idadi anayotaka, hapa hakuna wa kuhesabiwa.

Nikamgeukia Bwana Selestine nikamwambia, anasema hapa hakuna wa kuhesabiwa.

Kila neno nililotoa lilikuwa la Bibi. Hakuna hata moja nililolitunga. Bwana Selestine akasema vizuri, weka sifuri pote pawili. Nikaweka. Wakaazi, sifuri. Makaburi, sifuri. Nikatia saini chini, kwa mwandiko ule Baba alioupenda. Kuna jambo jingine lilisemwa pale, nitalifikia huko chini nikipata nguvu.

Tulipokuwa tunarudi wageni walisinzia. Odongo akainama karibu yangu kama anayekagua mafuta, akaniambia, dada, Kikurya chako leo kimekuwa kifupi. Mama amesema maneno ya gunia zima, wewe umetoa ya kiganja. Nikamwambia aangalie mto. Akasema mto anauangalia, mto haujamfanya kitu.

Jumatatu barua ilitiwa saini. Wewe ulipiga simu ofisini kunipongeza, ukaniambia sasa familia imesimama. Nakumbuka nilicheka kwenye simu.

Mwezi wa saba ukafika. Odongo alipeleka mafundi kwa boti ile ile, wakachimbia bikoni nne za mpaka, za zege, pembe za kisiwa na kuzipaka chokaa. Tangazo likabandikwa kwenye mkuyu kwamba kisiwa kisicho na wakaazi kitajengwa kambi ya mahema ya wageni, na mtu yeyote asionekane humo kuanzia mwezi wa tisa. Shangazi Winfrida alilibandua, akalikunja kwenye kanga, akatembea mpaka ofisini Matongo kuuliza. Mimi nilikuwa mezani kwangu. Karani alimfungulia jalada, akamwonyesha sifuri. Shangazi akauliza kama pale hakuna mtu, yeye anayesimama hapa ni nani. Karani akamwambia, mama, wewe kwa karatasi hii ni mvamizi.

Shangazi alisoma mpaka darasa la nne. Nilimwona akishuka na kidole kwenye karatasi, mstari kwa mstari, mpaka chini kwenye saini. F. R. Nyamhanga. Alikaa hapo muda. Kisha akainua macho akanitazama, akafunga kanga yake vizuri akaondoka. Natamani angenitukana. Unajua anavyoweza.

Sasa nikupe lile nililolificha. Nimejaribu kuliandika mara tatu na kuchana karatasi.

Kabla sijaandika zile sifuri, Bwana Selestine aliniuliza mama huyu namfahamu, maana dereva amekiita kisiwa hiki kwa Nyamhanga, na mimi jina langu ni hilo hilo. Nikamwambia simfahamu. Nikasema Nyamhanga ni jina la watu wengi huku kwetu. Nikaongeza, bila mtu kuniuliza, kwamba mama huyu ni wa kijijini ng'ambo, huja mchana kulima tu na jioni huvuka kurudi kwake. Niliyasema hayo kwa Kiswahili chepesi kabisa, cha kuuzia maziwa, na Bibi amesimama hapo hapo na kibuyu mkononi.

Bwana Selestine hakuridhika. Akamgeukia Bibi mwenyewe, akamuuliza polepole, eti mama, huyu binti unamjua?

Bibi akanitazama, akaitazama fulana yangu. Akasema kwa Kiswahili chake, hapana, baba. Huyu simjui. Watoto wangu hawavai hivi.

Akarudi nyuma ya nyumba. Alinisaidia, kaka. Aliona nimesimama mahali pabaya, akanivuta, na ili kunivuta akajifuta yeye mwenyewe, na nyumba yake, na Babu, na Baba, na wewe. Wageni walikaa saa nzima nyingine pale na jiwe halikulia tena.

Usiku wa siku ile nilijiambia nilifanya hivyo kwa ajili yako, kwamba wangejua tuna ndugu kwenye ardhi inayotakiwa wangetuondoa kazini sote wawili. Nilijiambia hivyo wiki nyingi, nikakaribia kuamini. Lakini si kweli. Niliona haya. Mama wa kofia alikuwa anamtazama Bibi kama anavyotazama kiboko, na mimi nilitaka kuwa upande wa anayetazama. Niliona haya kwa miguu yake, kwa masizi, kwa lile jino. Hilo tu. Halina jina jingine.

Alhamisi ya wiki iliyopita nilivuka. Odongo hakunidai kitu na hakunisemesha. Bibi alikuwa anasaga. Hakuacha kusaga niliposhuka, maana hakuona mgeni, na hilo lilinichoma kuliko fimbo. Nilipiga magoti nikamwambia yote kwa Kikurya, kirefu. Alisikiliza mpaka mwisho, akakusanya unga, akasema kwamba mke mwenza aliyesoma ni mzigo, kisha akanionyesha kwa kidevu ungo wa ulezi uliokuwa haujapepetwa. Mate ya baraka hajanitemea hadi leo. Sijamwomba.

Jioni alipotoka mlangoni kuita, nilimwomba aite taratibu, nikafungua daftari. Nilimwahidi sitaweka namba. Akaita. Shangazi akaitika, watoto wakaitika. Mama aliye Susuni akaitikiwa na shangazi. Babu, Baba, na wale wachanga wa shangazi waliozikwa chini ya mkuyu, Bibi akawaitikia. Akaniita mimi kwa Rhobi, jina langu la nyumbani, nikaitika. Akakuita wewe, mume wake. Wote wakanitazama. Nikakuitikia.

Jumatatu nilikwenda Tarime, ofisi ya wilaya, na karatasi mbili. Ya kwanza ni majina yale, kama yalivyoitwa. Ya pili ni barua yangu inayosema kwamba fomu ya Kisiwa Na. 4 niliijaza mimi, kwamba ni ya uongo, kwamba mwanamke aliyekutwa pale ni mama wa baba yangu na nilimkana kwa kinywa changu. Nakala nilimpelekea Bwana Selestine pamoja na fulana na ubao. Aliisoma amesimama. Hakufoka. Aliniuliza tu kama kaka yangu Mwanza anajua ninachofanya. Nikamwambia atajua.

Sijui kama itasaidia. Bikoni bado zimesimama, mbuzi wanajikuna nazo. Karani wa wilaya alipokea karatasi ya majina, na kabla ya kugonga muhuri alishuka na kalamu jina hadi jina, akisogeza midomo. Alikuwa anahesabu. Mbele yangu, kwa sauti, mpaka mwisho, na pembeni akaandika idadi na kuizungushia duara. Niliporudi Bibi aliniuliza neno moja tu, kama huko waliwahesabu. Nikamwambia hawakuhesabu, walisoma tu. Kwa hiyo unaona, bado natafsiri.

Nakaa hapa kisiwani sasa. Nimepewa jiwe dogo, viganja vimetoka malengelenge, unga wangu bado ni wa kuchekwa na watoto.

Msalimie wifi, mbusu mtoto kwenye paji la uso kwa niaba yangu, na mwambie ana bibi mkubwa mwenye jino moja. Odongo anakusalimu, ndiye atakayefikisha barua hii posta Tarime. Shangazi hajasema nikusalimie, lakini aliniondolea taa nilipoanza kuandika, kisha akaisogeza tena karibu.

Jina lako liko kwenye karatasi ile, kaka, chini ya la Baba, lote kamili. Sikukuomba ruhusa, kwa sababu ungeniambia ningoje, na muhuri umeshagongwa. Watakuita ofisini kwako wiki hii au ijayo wakuulize kama una ndugu Kisiwa Na. 4. Hapa kila jioni nakuitikia mimi. Huko utaitika mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Felista Rhobi, wa Nyamhanga